Upasuaji wa kolitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn: wanayoamini wagonjwa na ulivyo ukweli

"Tumalize dawa zote kwanza, kisu kiwe mwisho kabisa." Kauli hii hutoka kwa wagonjwa wa kolitisi ya vidonda (uvimbe na vidonda vya utumbo mpana) na wa Crohn (uvimbe unaoweza kushika sehemu yoyote ya njia ya chakula) na, linaloudhi zaidi, hata kwa baadhi ya madaktari wanaotuletea sisi wapasuaji wagonjwa hao. Kinachoua mara nyingi ni kisu kilichocheleweshwa. Mwenye kolitisi kali, anayepata choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku huku ana homa au mapigo ya moyo yamezidi 90 kwa dakika, hulazwa na kupewa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) kwa mshipa, na siku ya 3 ndiyo ya kuamua. Ikiwa bado anakwenda choo zaidi ya mara 8, au mara 3 hadi 8 na kipimo cha CRP (kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe mwilini) kimepita 45, vigezo vya Oxford vya mwaka 1996 vinaonyesha kuwa takriban wagonjwa 85 kati ya 100 wa hali hiyo waliishia kutolewa utumbo mpana. Hapo hujaribiwa infliximab au siklosporini, dawa kali za kutuliza kinga ya mwili, kama ipo na familia inaimudu, lakini daktari wa upasuaji awe ameshamwona mgonjwa. Asiitwe siku ya 10, usiku, utumbo umeshatoboka na steroidi zimeficha dalili hata tumbo likibonyezwa linaonekana laini. Mgonjwa huyo akifariki, watu husema ameuawa na operesheni, na anayefuata anaogopa zaidi.

Kwa Crohn iliyokaa kipande kifupi cha mwisho wa utumbo mwembamba, utafiti wa LIR!C uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha kukata kipande hicho kwa laparoskopi (upasuaji wa matundu madogo kwa kutumia kamera) na kutumia infliximab, kwa wagonjwa ambao dawa za kawaida zilishindwa. Baada ya mwaka mmoja, ubora wa maisha haukutofautiana, kwa hiyo hapo pia kisu si lazima kiwe cha mwisho kabisa.

Wengine huamini kwamba ukishakatwa umepona. Kwa kolitisi ya vidonda, kutoa utumbo mpana wote pamoja na rektamu (sehemu yake ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa) huondoa ugonjwa wa utumbo. Crohn haina ahadi hiyo: hurudi, mara nyingi palepale tulipounganisha, hasa kwa mvuta sigara. Ndiyo maana palipobana tukiweza tunapanua bila kukata, ili utumbo usiishe.

Hofu ya mfuko wa kukusanyia haja unaobandikwa tumboni naielewa, ila si kila mfuko ni wa maisha. Tangu wapasuaji Parks na Nicholls wa London walipoeleza mbinu yao mwaka 1978, mwenye kolitisi anaweza kutengenezewa hifadhi ya kinyesi ndani ya mwili kwa utumbo mwembamba, ingawa ataendelea kwenda choo mara kadhaa kwa siku. Kwa anayebaki na stoma, yaani tundu la kutolea haja tumboni, nasisitiza iwekewe alama kabla ya operesheni, mgonjwa akiwa amekaa, amesimama na amevaa kanga au mkanda wake, kwa sababu stoma iliyoangukia kwenye mkunjo wa ngozi huvujisha kila siku. Na asikatae chumvi: stoma ya utumbo mwembamba humwaga maji na chumvi, na maji matupu pekee, hata lita nyingi, hayazibi pengo hilo. Anywe ORS, maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari kwa kipimo.