GP: bagi ya Uingereza iliyouzwa bila chesisi

Nikiletewa bagi ya GP, gari dogo la wazi la bodi ya faiba lililoundwa juu ya sakafu (chesisi) ya Volkswagen Beetle, kwanza naingia chini yake. Bodi ya faiba ikipasuka inakwanguliwa, inazibwa na kupakwa rangi upya. Mahali sakafu ya Beetle ilipokatwa na kuchomelewa ndipo panaponieleza kama gari hili lina maisha.

GP ilianzia Hanworth, magharibi mwa London, mwishoni mwa miaka ya 1960, chini ya Pierre du Plessis na John Jobber. Ni miongoni mwa karakana za mwanzo kutengeneza bagi Uingereza. Umbo lenyewe lilitokea California, ambako mwaka 1964 Bruce Meyers, fundi aliyezoea boti za faiba, alitengeneza bagi yake ya kwanza, Meyers Manx. Alipokwenda mahakamani kuilinda hataza yake akashindwa, na waigaji wakazidi kumiminika.

Swali ambalo wengi hawaulizi ni kwa nini GP waliuza bodi na vifaa tu, wakamwachia mteja kazi ya kutafuta Beetle kuukuu. Jibu ni kodi. Uingereza wakati ule ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari jipya lililokamilika. Vifaa vya kujiundia mwenyewe vilisamehewa. Kijana mwenye mshahara mdogo aliweza kupata gari la ajabu kwa bei anayoimudu, ilimradi asiogope kazi.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Beetle ina meta 2.4 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ili bodi fupi ikae, unaondoa takriban futi moja ya sakafu, kisha unaunganisha vipande viwili. Katikati ya sakafu hiyo kuna handaki la chuma lenye fimbo ya gia, kebo ya klachi, kebo ya pedali ya mafuta, kebo za breki ya mkono na bomba la petroli. Vyote hivyo vinapita pale pale unapokata! Fimbo ya gia ikiungwa ikiwa imepinda kidogo tu, gia zitakusumbua daima. Joto la kuchomelea nalo huvuta chuma, kwa hiyo ni lazima sakafu ifungwe imara na ipimwe kona kwa kona kabla ya kuunga, na ipimwe tena baadaye. Kiwanda kilitoa bodi zinazofanana, lakini kila sakafu ina mkono wa fundi wake. Ndiyo maana bagi mbili za GP za mwaka mmoja huweza kutofautiana kabisa barabarani.

Aprili 1973 Uingereza ikaanza kutoza VAT, na unafuu ule wa vifaa ukaisha. Miezi michache baadaye bei ya mafuta ikapanda vibaya. Watengenezaji wengi wa bagi walifunga milango. GP wakabaki na kitu walichokijua vizuri, sakafu ya Beetle, wakaivisha mavazi mengine: bodi ya pikapu waliyoiita LDV, bodi ya mfano wa Kübelwagen, gari la jeshi la Ujerumani la Vita vya Pili vya Dunia, na miaka ya 1980 Spyder, iliyofuata umbo la gari la mashindano la Porsche RSK. Kwangu mimi huo ndio uamuzi bora kabisa waliowahi kufanya.

Ukienda kununua moja leo, inua zulia la ndani, utafute mstari wa kuchomelea unaokatiza sakafu nzima, ukague na chini yake. Kutu ikiwa imeanzia hapo, achana nalo hata kama rangi inang'aa.