Picha za baharini kwa sisi wa Dodoma: tunayoyaamini na ukweli wake

Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, watu wengi wa huku wanashuka pwani kupumzika siku mbili tatu, kisha wanarudi na simu zilizojaa picha. Nyingi zinafanana: mchanga wa kijivu, anga jeupe, bahari iliyoinama upande mmoja. Inaniuma, maana waliozipiga wana jicho zuri. Walichobeba ni mambo ya kusikia ambayo si kweli.

"Jioni tutalipiga jua likizama baharini."

Hili ndilo linalowaangusha wengi. Pwani ya Tanzania Bara inatazama mashariki. Ukisimama Coco Beach saa kumi na mbili jioni, jua liko mgongoni kwako, linazamia nyuma ya majengo. Baharini linachomoza, kwa hiyo saa yako ni alfajiri. Anayetaka machweo juu ya maji aende upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, au avuke hadi Forodhani, Unguja.

Na alfajiri yenyewe usiipimie kwa mazoea ya nyumbani. Dar iko mashariki zaidi, hivyo jua linatangulia kule kwa takriban robo saa. Rangi tamu mara nyingi huja kabla halijatokeza, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua hupanda wima na rangi zile hazikawii kuisha. Uwe umeshafika ufukweni kungali na giza, na usiende peke yako.

"Bahari ni ile ile, saa yoyote sawa."

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kutoka kujaa hadi kupwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji yanajaa sana, kisha yanapwa mbali. Katikati ya hapo ni maji mafu, na tofauti huwa ndogo. Pwani ya Dar na Unguja, siku za bamvua maji huwa yamejaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na yamekupwa karibu saa nne. Maana yake jua linapochomoza maji yanarudi nyuma, yanaacha mchanga uliolowa unaoakisi anga, vijito vyembamba na ngalawa zilizobaki mchangani. Picha iko hapo. Ukiwa na shaka muulize mvuvi, hiyo ndiyo kalenda yake.

"Bila simu ya bei kubwa hupati kitu."

Simu ya kawaida inatosha kuanzia. Shida iko kwingine: upepo wa bahari unabeba chumvi, inatanda kwenye lenzi, na kila picha inatoka na ukungu. Puliza kwanza mchanga usije ukakwaruza kioo, kisha futa kwa kitambaa laini. Usivute picha kwa vidole viwili. Mara nyingi simu inakata tu kipande na kukikuza. Sogea kwa miguu.

Ule mchanga wa kijivu nao una sababu. Kamera inatafuta mwanga wa wastani, kwa hiyo ikikutana na mchanga mweupe inaufifisha. Gusa kioo, pandisha mwangaza kidogo. Alfajiri fanya kinyume: gusa penye rangi angani, kisha shusha.

"Mchana usipige kabisa."

Nusu kweli. Jua la utosini linaharibu nyuso za watu, lakini ile rangi ya kijani na buluu ya maji ya Unguja huonekana vizuri jua likiwa juu, kwa kuwa mwanga unapenya hadi kwenye mchanga mweupe wa chini na kurudi.

"Dodoma hakuna pa kujifunzia."

Hili sikubaliani nalo hata kidogo. Nenda bwawa la Hombolo asubuhi. Kinachowashinda wengi baharini ni mstari wa upeo: huku vilima vinaficha mkono uliopinda, lakini baharini ukiinamisha simu kidogo tu, maji yanaonekana kama yanamwagika. Ukinyoosha baadaye kwa programu, kingo zinakatwa, na pengine ngalawa uliyoipenda ilikuwa pale pale ukingoni. Washa gridi ya kamera, ile mistari inayogawa kioo, ufuo wa ng'ambo uende sambamba na mstari wake, hadi mkono uzoee.

Kisha utafute mbuyu. Piga kilima kikiwa peke yake, halafu sogea karibu na mbuyu mpaka shina lichukue kama robo ya picha, kilima kikibaki nyuma. Linganisha hizo mbili. Ya pili ina kina, jicho lina pa kuanzia na pa kwenda. Bahari tupu ina tatizo lile lile la kilima kilicho peke yake, kwa hiyo ukifika pwani weka mbele yako mkoko, ngalawa, au kamba ya nanga inayotoka miguuni kwako kuelekea majini.