Uzamivu wa baiolojia ni nini hasa?

Kijana wa Kirumba, hapa Mwanza, akisema nyumbani kwamba anafanya uzamivu wa baiolojia, ile PhD, shangazi lazima aulize: "Bado unasoma tu, mwanangu? Hiyo shule haiishi?" Ana haki ya kuuliza. Kwa nje inaonekana ni darasa lilelile linaloendelea, kumbe vipindi vya darasani ni vichache, na vyuo vingine havina kabisa. Shahada hii hutolewa kwa mtu aliyejibu swali ambalo halijawahi kujibiwa, tena kwa ushahidi ambao wakaguzi wameshindwa kuuangusha.

Uzamili, yaani shahada ya pili, ni kitu kingine. Huko unafundwa kazi: kukusanya sampuli, kuchambua takwimu, kuandika tasnifu. Ni miaka miwili hivi, na mara nyingi swali unakabidhiwa na msimamizi. Kwenye uzamivu swali ni lako, na ukilikosea, miaka mitatu minne imeliwa.

Mfano mzuri tunao humu humu Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria: furu. Mvuvi humwona samaki mdogo asiye na bei. Mwanabaiolojia huona spishi mamia zilizochipukia ziwa hili hili, nyingi zikatoweka sangara aliyepandikizwa alipoongezeka miaka ya 1980. Kati ya zilizobaki kuna mbili zinazofanana mno. Dume wa Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, ana wekundu mgongoni. Dume wa Pundamilia pundamilia ni wa kibuluu. (Naam, jenasi nzima, yaani kundi la spishi ndugu, ina jina la Kiswahili.) Zinaishi kwenye miamba ileile na zinaweza kuzaliana. Kwa nini basi zisichanganyike?

Mwanabaiolojia Ole Seehausen, aliyefanya uzamivu wake Leiden, Uholanzi, alilishika swali hilo. Kwenye tangi lenye mwanga wa kawaida, jike alimfuata dume wa spishi yake. Taa ilipobadilishwa rangi zisitofautike, akawa hachagui tena. Ziwani nako ni vivyo hivyo: visiwani kwenye maji maangavu spishi hubaki mbili, ila maji yakichafuka zinachanganyika. Yeye na wenzake walichapisha hoja hiyo mwaka 1997: uchafuzi wa maji unafuta spishi hata bila kuua samaki. Kwangu mimi, huo ndio uzamivu uliokaa sawa. Swali linaenea kwenye sentensi moja, na taa inatosha kulijaribu.

Makaratasi yapo, bila shaka. Kibali cha utafiti hutoka COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti unaogusa afya za watu, kama kichocho cha wanakijiji wa mwambao, hupitia pia kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Linaloumiza zaidi ni pesa. Ada unaweza kuichangiwa na ukoo. Mafuta ya boti na vitendanishi (kemikali za kupimia) vya maabara hauviwezi. Ndiyo maana wengi huingia kupitia mradi wenye fedha tayari, na ndiyo maana msimamizi achaguliwe kwa makini kuliko hata chuo.

Kuhusu ajira, NIMR na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, zote zina vituo Mwanza, na kwenye hospitali ya Bugando kuna chuo kikuu cha afya. Kwa uzamili unaweza kuwa mhadhiri msaidizi, au kufanya kazi kwenye mradi wa mwenzio. Uzamivu hudaiwa unapotaka uhadhiri kamili, au kuomba fedha za utafiti kwa jina lako mwenyewe.