Gari ya 1902 mikononi mwa wanafunzi: mnayoyasema na ukweli wenyewe

Pale Imperial College London, chuo kikuu cha Uingereza, wanafunzi wa uhandisi wana gari inaitwa Boanerges, wenyewe wanaiita Bo', imeundwa na kampuni ya James and Browne mwaka 1902, na kila nikiitaja nasikia maneno yaleyale, sasa ngoja niyanyooshe.

La kwanza eti hiyo ni ya makumbusho, vijana wanapigia picha tu. Hapana jamani, hiyo gari inatembea, imeshakwenda mara nyingi kwenye ule msafara wa magari ya kale wa kila Novemba kutoka London mpaka Brighton, kama kilomita 96 hivi, tena ni baridi na mara nyingi mvua na juu hakuna paa.

Na ule msafara si mashindano! Hakuna mshindi wa kwanza, kazi ni kufika. Ni kumbukumbu ya tarehe 14 Novemba 1896, wenye magari waliposherehekea sheria mpya iliyopandisha kikomo cha mwendo hadi maili 14 kwa saa. Na si kila gari kuukuu inaingia, lazima iwe imeundwa kabla ya 1905.

Lingine, watu wanadhani kuwasha gari za namna hii ni misuli. Yani hapa ndo watu wanavunjika mikono. Kabla hujagusa handeli ya kuzungushia injini kwa mkono unarudisha kwanza ule wenzo wa cheche, unaopanga cheche iwake lini, ili moto uchelewe, manake ukiwahi injini inapiga kinyumenyume na handeli inakurudia kwa nguvu zote. Halafu kidole gumba kinakaa upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe kama unashika mpini wa jembe, na unavuta kwenda juu, husukumi kwenda chini. Binti mwembamba aliyefundishwa vizuri ataiwasha, na jitu la miraba minne lisilojua litaishia hospitali.

Wengine wanaogopa kupanda mlima, eti injini itakata pumzi. Mimi naogopa kushuka. Breki za gari za miaka ile zinashika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo dereva anaanza kupunguza mapema sana, wakati wenye gari za kisasa nyuma yake wanashangaa anachelewa nini.

Spea je? Ni kweli dukani hakuna, kampuni iliacha kuunda magari zaidi ya karne moja iliyopita. Lakini kifaa kikivunjika kinapimwa, kinachorwa, kinakerezwa upya, na mwanafunzi wa uhandisi atajifunzia wapi pazuri kuliko hapo?

Kinachonipa wasiwasi kweli ni kwamba mwanafunzi anakaa miaka mitatu minne anamaliza anaondoka, na mengi hayako kwenye kitabu, yako masikioni, injini ikilia hivi ongeza hewa, ikilia vile zima haraka. Ndo maana anayemaliza anakaa kiti cha pembeni, anamwachia usukani mwanafunzi wa mwaka wa pili, na anasikiliza.