Je, wajua kwa nini laptop ya zamani hubaki nzito hata ikiwekewa mfumo mwepesi?

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, laptop nyingi za mtumba zinazozunguka Kariakoo zimebaki njia panda. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. ThinkPad au Latitude ya kizazi cha 4 haifiki huko. Ndipo ushauri unapomiminika: piga Linux nyepesi, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, mashine itakuwa kama mpya. Mtu anaweka Lubuntu au Linux Mint ya Xfce (yaani yenye mwonekano mwepesi), inawaka vizuri, anafurahi. Kisha anafungua WhatsApp, barua pepe na YouTube kwenye kivinjari, na mashine inaganda vilevile.

Lawama zote huangukia mfumo, na msako wa mwingine mwepesi zaidi unaanza, watu wakishindanisha namba: huu unakula MB 300 za RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ule 600, basi wa kwanza una kasi maradufu. Hapo ndipo hesabu inapopotea.

Kwanza, RAM tupu haimsaidii mtu. Linux hujaza kwa makusudi nafasi isiyo na mwenyewe kwa nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara tu programu inapoihitaji. Ukiandika free -h kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, safu ya free inaweza kuonyesha MB 180 na safu ya available ikaonyesha GB 2, na mashine iko salama kabisa. Ya kuangalia ni hiyo ya pili. Halafu zile namba za mtandaoni hupimwa kila mtu kwa namna yake: toleo tofauti, mashine tofauti, huyu kapima dakika moja baada ya kuwasha, yule baada ya kufunga huduma kadhaa. Zinafaa kukadiria tu.

Kubwa zaidi ni kwamba kivinjari ni kilekile. Firefox iliyo juu ya Windows na iliyo juu ya antiX, Linux nyingine nyepesi, zote zinafungua kurasa zilezile zenye picha na matangazo yaleyale. Mfumo ukiokoa MB 700, vichupo vichache vitazimeza kabla chai haijapoa.

Uzito unatoka wapi, basi? Siku mashine ikiganda ndani ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie namba. Mara nyingi utakuta prosesa iko asilimia 15 hivi na diski imegonga 100. Prosesa haijachoka hata kidogo. Inasubiri.

Chukua fremu ya nguo Kariakoo. Fremu yenyewe ndogo, ipo chini barabarani. Stoo iko ghorofa ya 5 na jengo halina lifti. Nguo iliyo kwenye fremu mteja anaipata papo hapo. Isiyokuwepo, kijana apande ngazi, aitafute, ashuke nayo. Fremu ikijaa mambo yanakuwa mabaya zaidi, kwa sababu kijana hawezi kuleta marobota mapya bila kwanza kupandisha ya zamani, na mteja anayefuata anaweza kuuliza hayohayo yaliyopandishwa sasa hivi. Muuzaji anaweza kuwa hodari kuliko wote mtaani, lakini mauzo yanakwenda kwa mwendo wa kijana wa ngazi. Fremu ni RAM, stoo ni diski, na muuzaji ni prosesa. Kuweka mfumo mwepesi ni kutoa makochi kwenye fremu: nafasi inaongezeka, ngazi zinabaki palepale.

Na ngazi hizo ni ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Diski ya kuzunguka ya laptop, ile ya mizunguko 5,400 kwa dakika, hutumia milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja. Kwa wastani kichwa cha kusomea husubiri nusu yake, juu ya muda wa kusogea hadi mahali penyewe. Ukijumlisha, kama data imetawanyika, diski hiyo haifikishi hata visomo 100 kwa sekunde. RAM hujibu kwa kiasi cha nanosekunde 100, yaani haraka kuliko diski zaidi ya mara laki moja. SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, hata ya kawaida ya SATA, hufanya makumi ya maelfu ya visomo kwa sekunde. Ni stoo iliyohamishiwa nyuma ya pazia. Kwenye laptop nyingi za umri huo ina umbo lilelile la inchi 2.5, kwa hiyo fundi anafungua skrubu chache, anachomoa ya zamani, anachomeka mpya, kazi imekwisha.

Ndiyo maana Puppy Linux, nyingine nyepesi, inavutia. Barry Kauler wa Australia aliianzisha mwaka 2003, na ujanja wake ni kwamba RAM ikitosha hujinakili yote humo wakati wa kuwaka. Asubuhi moja mzigo wote unashushwa, baada ya hapo hakuna anayepanda ngazi. Inaweza kukimbia kwenye mashine isiyo na diski kabisa, jambo linaloonekana kama mazingaombwe hadi ujue sababu. Zram, kipengele cha Linux, nayo hubana mizigo ndani ya fremu ileile badala ya kuipeleka juu. Kwa laptop ya GB 4 inafaa kuwashwa.

Uchaguzi wenyewe hauna makuu. GB 4 na SSD: Mint ya Xfce, Lubuntu au MX Linux, yoyote unayoipenda. GB 2: antiX au Puppy, na vichupo vichache. Usishushe toleo la biti 32 kwa sababu tu laptop ni kuukuu. Hata Core 2 Duo ya 2006 ni ya biti 64, na Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32 kwa kompyuta hizi.

Kuna yasiyotibika kwa SSD wala Linux. YouTube hutuma video nyingi kwa VP9, namna ya kubana video, na chipu za Intel za kabla ya kizazi cha 7 hazina sehemu kamili ya kuifungua, hivyo prosesa inabeba mzigo huo yenyewe. Punguza ubora hadi 480p. Na kwa joto la Dar, feni iliyojaa vumbi na pasta ya kupitishia joto iliyokauka huilazimisha prosesa ijipunguzie mwendo isiungue. Mwambie fundi asafishe kabla hujalaumu chochote.

Kabla ya kufuta Windows, washa mfumo mpya kutoka kwenye flashi bila kuusakinisha. Usipime kasi hapo, flashi nyingi ni za polepole. Angalia kama Wi-Fi inashika, hasa ikiwa kadi ni ya Broadcom, ambayo mara nyingi hudai draiva ya ziada, na kama sauti inatoka na laptop ikifunikwa kisha kufunuliwa inaamka.