Mpira wa mikono Denmark: daraja la pili si ajira mnayoifikiria

"Kocha, kama ligi kuu ya Denmark ni ngumu, mimi nitaanzia daraja la pili. Si ni mabingwa wa dunia hao? Hata huko chini watakuwa wanalipa vizuri." Kila kijana anayenijia kuulizia njia ya kwenda Ulaya ana kauli hii, na wakala aliyemdanganya huwa hayuko mbali.

Ni kweli timu ya wanaume ya Denmark ilitwaa ubingwa wa dunia 2019, 2021, 2023 na 2025, na dhahabu ya Olimpiki 2016 na 2024. Lakini ubingwa huo haukutokana na mishahara ya daraja la pili. Msingi wake ni vilabu vya wanachama, vyenye timu za watoto hadi watu wazima, vinavyotumia kumbi za manispaa na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Wachezaji wengi wa daraja la pili wana kazi nyingine au wako chuoni, ndiyo maana mazoezi ni jioni. Wanaoishi kwa mpira peke yake ni wachache. Klabu ikikwambia "tutakutafutia kazi", elewa kwamba kazi hiyo ndiyo itakayokulisha.

Kwa Mdenmark hilo halina tatizo. Kwa Mkenya au Mtanzania ndipo mambo yanapokwama, kwa sababu kibali cha mwanamichezo hutegemea mkataba wa klabu wenye mshahara wa kuishi, na posho ya nauli haitoshi. Tafadhali, msiuze shamba la mzee kumlipa mtu anayewaahidi "majaribio". Mimi huwaambia hata wasioniuliza: tafuta masomo kwanza, klabu itafuata. Zipo shule za bweni ziitwazo højskole zenye mchepuo wa mpira wa mikono. Ada unalipa na mitihani hakuna, kwa hiyo usitarajie shahada. Na jifunze kulinda! Natumiwa video za mabao kila wiki. Nionyeshe ukiwa katikati ya ukuta wa 6-0, yaani walinzi sita wakiwa wamejipanga mstari mmoja mbele ya goli, unasogeza miguu, unamkabidhi pivoti (mshambuliaji anayejipenyeza katikati ya walinzi) kwa mwenzako bila kumshika jezi. Hapo nitakusikiliza.

Wengine hukosea kinyume chake: kama wachezaji wa daraja la pili hawalipwi, basi ni wa kufungwa tu. Hapana. Watu hawa wameshika mpira tangu utotoni, na wanasoma mchezo haraka mno. Klabu ya Fredericia walikuwa mabingwa wa Denmark miaka ya 1970, wakashuka, wakasota chini kwa miaka mingi, wakarudi juu, na 2024 wakacheza fainali ya ubingwa dhidi ya Aalborg.

Kuhusu jina, daraja hili la pili huitwa "1. division" na juu yake ipo ligi kuu, Håndboldligaen. Watanzania mnaokumbuka Ligi Daraja la Kwanza chini ya Ligi Kuu hamna sababu ya kuchanganyikiwa, wala ya kuandika kwenye wasifu kwamba mmecheza ngazi ya juu kabisa.

Pia si kweli kwamba timu huondoka ligi kuu kwa kukosa pointi tu. AG København, klabu ya jijini Copenhagen, walijaza watazamaji 36,651 katika uwanja wa soka wa Parken mwaka 2011, wakatwaa ubingwa wa Denmark 2011 na 2012, wakashika nafasi ya tatu Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka huohuo wa 2012. Kiangazi hichohicho walifilisika. Ukipewa mkataba, ulizia hali ya fedha ya klabu kabla ya kuulizia namba ya jezi.

Mwisho, gundi. Kupaka gundi mpira si udanganyifu. Kanuni za mchezo zinaruhusu. Lakini kumbi nyingi za manispaa Denmark huipiga marufuku kwa sababu ya usafi wa sakafu, na mchezaji aliyezoea mpira unaonata hujikuta hawezi kuudaka. Fanyeni mazoezi ya aina zote mbili.