CAL haihesabu walioingia kwa wakati mmoja

Leseni ya ufikiaji, ambayo Microsoft huiita CAL, ni haki ya mtu mmoja au kifaa kimoja kutumia programu iliyo kwenye seva. Si programu, wala hakuna cha kusakinisha. Mkiendesha SharePoint Server, programu ya Microsoft ya kuhifadhi na kushirikiana nyaraka, kwenye seva zenu wenyewe, mnalipia leseni ya kila seva, kisha CAL kwa kila anayeifikia. Chini yake kuna mfumo endeshi wa Windows Server na hifadhidata ya SQL Server, nazo zina leseni zake.

Hadi hapo watu huelewana. Kinachovurugwa kwenye vikao vya bajeti ni hesabu. Mtu anatazama ripoti, anaona walioingia kwa pamoja hawakuzidi 40, anaagiza CAL 40 ilhali wafanyakazi wanaotumia mfumo ni 300. Leseni za kuhesabu matumizi ya wakati mmoja zipo, na baadhi ya watengenezaji wa programu huziuza, ila CAL ya SharePoint si mojawapo. Anayefungua waraka mmoja kwa mwezi anahesabiwa sawa na anayeshinda humo kutwa. Seva nayo haitakuzuia: itawapokea wote 300, na pengo litaonekana siku ya ukaguzi wa leseni.

Wengine huweka tovuti ya ndani inayosoma nyaraka kwa akaunti moja, wakidhani sasa wana mtumiaji mmoja. Sivyo. Masharti yanahesabu watu au vifaa vya upande wa mwisho, hata data ipitie wapi.

Nafuu ya halali iko kwenye aina ya CAL. Kompyuta 20 zinazotumiwa na watu 60 kwa zamu tatu zinahitaji CAL 20 za kifaa badala ya 60 za mtumiaji. Wakianza kufungua nyaraka hizo kwenye simu zao, kila simu ni kifaa kingine na nafuu imekwisha. CAL ya Enterprise, inayofungua huduma za ziada, nayo haichukui nafasi ya Standard, ile ya msingi. Hununuliwa juu yake. Watu wa nje hawahitaji CAL ya SharePoint tangu toleo la 2013, lakini mkandarasi anayefanyia kazi ofisini kwenu si mtu wa nje.

Idadi ya wanaoingia kwa pamoja isitupwe. Ndiyo ya kupimia nguvu ya seva. Kwa leseni, chukua orodha ya akaunti, ilinganishe na majina ya idara ya rasilimali watu, ondoa walioacha kazi, ndipo uhesabu.